Kazi ya kambini majuu: Kabla hujatuma pasipoti, jua ni nani hasa atakulipa

Huenda ule ujumbe ushaingia kwenye simu yako. Umetoka kwa rafiki ya rafiki, au umetupwa kwenye grupu la WhatsApp la mliosoma pamoja: wapishi, madobi, mafundi wa stima, madereva na walinzi wanatakikana kwa kambi ya jeshi ng'ambo. Chakula bure, malazi bure, mshahara kwa dola. Tuma nakala ya pasipoti na ada kidogo ya kushughulikia makaratasi. Fanya haraka, nafasi zinaisha.

Usicheke, na pia usikimbilie M-Pesa. Kazi zenyewe zipo, na ugumu wa hii stori uko hapo hapo. Utapeli unaofanana na kitu cha kweli ndio hunasa hata werevu. Kwa hivyo hebu tulia kidogo tuiangalie kambi yenyewe: nani anapika, nani anafua, stima inatoka wapi, na siku ukiumia nani atabeba mzigo wako.

Kwanza weka kando picha ya sinema, ile ya helikopta na makamanda wanaofokea watoto wa watu. Kambi kubwa ya jeshi ni mji. Watu elfu kadhaa wakiamka alfajiri wanataka choo kinachofanya kazi, maji ya kuoga, kiamshakinywa, nguo safi na mahali pa kuchaji simu, na zamani mwanajeshi mwenyewe ndiye alimenya viazi na kuchimba choo. Siku hizi jeshi linatoa kandarasi.

Marekani ndiyo iliyoufanya huu kuwa mfumo kamili. Mwaka 1985 jeshi lake la nchi kavu lilianzisha mpango unaoitwa LOGCAP, wa kuwapa raia kazi ya kujenga na kutunza kambi. Kandarasi ya kwanza kubwa ilitolewa 1992 kwa kampuni ya Brown & Root, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama KBR. Somalia ikafuata, Balkan ikafuata, kisha Iraq na Afghanistan, na idadi ya raia kambini ikazidi kupanda. Machi 2012, wafanyakazi wa kandarasi za jeshi la Marekani huko Afghanistan walikuwa zaidi ya 117,000. Mapema 2021, wakati wanajeshi walikuwa wamebaki 2,500 pekee, wafanyakazi wa kandarasi walikuwa bado zaidi ya 18,000. Piga hesabu: kila mwanajeshi mmoja, wafanyakazi saba.

Kwenye orodha hizo wafanyakazi hugawanywa mafungu matatu: raia wa Marekani, wenyeji wa nchi yenye kambi, na wale wanaoitwa raia wa nchi ya tatu. Fungu la tatu ndilo lako. Utawakuta Wafilipino, Wanepali, Wahindi, Waganda, na ndiyo, Wakenya pia. Likariri hilo jina, maana ndilo litaamua unalala wapi, unalipwa ngapi na unapekuliwa mara ngapi.

Tuchukue kambi moja iliyo karibu na nyumbani. Camp Lemonnier iko Djibouti, imebanana na uwanja wa ndege wa Ambouli. Zamani ilikuwa ya Wafaransa, na jina lake ni la jenerali wao aliyeuawa na Wajapani huko Indochina mwaka 1945. Wamarekani waliingia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kambi ikatanuka kutoka chini ya ekari 100 hadi karibu ekari 500. Ina watu takriban 4,000, wanajeshi na raia. Kwa makubaliano ya 2014, Marekani inailipa Djibouti karibu dola milioni 63 kwa mwaka. Hata mimi ningependa kuwa landilodi wa aina hiyo. Na si mpangaji mmoja tu: Wafaransa bado wako mjini, Wajapani walifungua kambi yao 2011, na Wachina wakafungua yao 2017.

Sasa weka mguu ndani. Kitu cha kwanza kukupiga ni joto. Katikati ya mwaka Djibouti hupita nyuzi 40, na watu wanalala kwenye makontena ya chuma yaliyopangwa safu kwa safu, kila moja na kiyoyozi chake. Kiyoyozi kikizima saa nane mchana, kontena linageuka oveni. Fundi wa viyoyozi hapo ana heshima kuliko luteni, na sitanii. Makontena mengine yana bafu ndani. Mengi hayana, kwa hivyo unajifunga taulo na kutembea na ndala hadi kwenye kontena la bafu, ukipishana na watu wa zamu ya usiku wanaorudi kulala. Wewe wa nchi ya tatu huenda mkabanwa wengi kwenye chumba kimoja. Kama ulisoma bweni, hautashtuka sana.

Stima inazalishwa na majenereta ya dizeli, usiku na mchana. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo utaona kazi ya fundi wa kambini ina uzito gani.

Ukiishi kwenye ploti ya Roysambu au Pipeline, unaijua ile shawa ya stima inayokuchoma-choma vidole ukigusa bomba. Tumeizoea hadi tunaicheka. Januari 2008, mwanajeshi mmoja wa Marekani alikuwa akioga kwenye jumba lililogeuzwa makao ya jeshi huko Baghdad. Pampu ya maji iliyokuwa juu ya paa ilipata hitilafu, na kwa kuwa haikuwa na waya wa athi, kama mafundi wetu wanavyouita, stima ikafuata bomba hadi bafuni. Akafa. Uchunguzi ukafunguliwa, na wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wakapekua pia vifo vingine 17 vya stima vilivyotokea Iraq tangu 2003. Waya wa athi ni kitu cha shilingi chache. Ukiambiwa unaenda kuwa msaidizi wa fundi tu, kumbuka kuwa msaidizi ndiye hutumwa kukagua kama umefungwa.

Jikoni nako si mchezo. Zamu huanza kabla ya alfajiri. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 57, cha baridi kisipite nyuzi 5, na kuna mtu kazi yake ni kuzunguka na kipimajoto na daftari akiandika namba siku nzima. Waliofanya hoteli za Nairobi wanaijua hiyo shughuli. Tofauti ni kwamba hapa, mayai yakiharibika, watu elfu moja wanaharisha siku moja, na hakuna hospitali ya pili mtaa unaofuata.

Lakini hata chakula kisichoharibika kinaweza kukulaza. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, walianza kuvimba miguu huko Mogadishu. Walikuwa Waganda na Warundi, vijana wenye nguvu zao. Angalau wanne walikufa, na zaidi ya 50 wakasafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Madaktari walipochunguza waligundua beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Vitamini hiyo iko kwenye maharagwe, njugu na nafaka ambazo hazijakobolewa. Mchele mweupe uliosafishwa sana hauna ya kutosha, na mtu akila chakula kile kile miezi nenda miezi rudi, mwili unaishiwa. Dawa yake ilikuwa vitamini hiyo hiyo. Yaani kikosi kilichokuwa kikipigana na al-Shabaab kilikuwa pia kinaangushwa na menyu. Aliyepanga chakula huenda hakuwahi kufikiria kuwa orodha yake ya ununuzi ni suala la uhai, lakini ilikuwa.

Udobi ni kazi nyepesi kuieleza: mwanajeshi analeta mfuko, mnahesabu nguo pamoja, mnaandika fomu, anarudi baada ya siku kadhaa. Soksi moja ikipotea utajua hujui. Kinachoniacha mdomo wazi ni hesabu ya juu. Mwaka 2004 kulitolewa madai kwenye Bunge la Marekani kuwa kufua mfuko mmoja tu wa nguo Iraq kulitozwa serikali karibu dola 100. Weka hiyo namba kando, tutairudia tukifika kwenye mshahara.

Majitaka je? Kambi ya Kandahar, Afghanistan, ilikuwa na barabara ya mbao yenye maduka na mikahawa ambapo ungepata kahawa na donati za Tim Hortons, na haikuwa mbali na bwawa la wazi la kinyesi ambalo lilikuwa maarufu kuliko makamanda wote. Kila aliyepita hapo ana stori yake ya ile harufu. Kuna mtu aliajiriwa kulitunza. Tangazo la kazi halisemi hivyo, linasema tu "msaidizi wa huduma za mazingira".

Na takataka zilichomwa. Kwenye kambi nyingi za Iraq na Afghanistan kulikuwa na mashimo makubwa ambapo plastiki, betri, rangi na kila kitu kilimwagiwa mafuta na kuwashwa, na moshi ukaingia kwenye mapafu ya kila aliyekuwepo. Wanajeshi waliopata maradhi walipigania haki yao miaka mingi hadi sheria ikapitishwa Agosti 2022 kuwapa matibabu na malipo. Sheria hiyo ni ya wanajeshi wastaafu. Mtu wa nchi ya tatu aliyekuwa akisukuma tingatinga pembeni mwa shimo hakuandikwa humo.

Saa za kazi ni 12 kwa siku, mara nyingi siku saba kwa wiki. Siku ya mapumziko ikiwepo, hakuna pa kwenda. Lango ni la wenye ruhusa, beji yako ina mipaka yake, na kambi nyingine simu yenye kamera inabaki nje. Wenyeji huingia asubuhi na kutoka jioni kwenda kwa familia zao, wewe unabaki. Kuna gym, kuna ukumbi wa sinema, kuna mechi ya Ligi ya Premia kwenye skrini kubwa ukibahatika kuruhusiwa kuketi. Upweke wa kule hauonekani kwenye zile picha za Facebook za jamaa ameegemea gari la kijeshi akiwa na miwani.

Na risasi? Mara nyingi siku zinapita bila kitu. Ila zikija hazichagui beji. Desemba 21, 2004, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliingia hema la chakula kwenye kambi moja karibu na Mosul, Iraq, saa za chakula cha mchana, akaua watu 22. Wanne kati yao walikuwa wafanyakazi wa kandarasi. Hapa kwetu, Januari 5, 2020, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay kule Lamu, ambako wanajeshi wa Marekani hukaa na wa Kenya. Wamarekani watatu waliuawa. Mmoja alikuwa mwanajeshi, wawili walikuwa raia wa kandarasi.

Haya, pesa. Najua ndiyo ulikuwa ukingojea.

Waganda ndio wenye historia ndefu zaidi ya kazi hii katika ukanda wetu. Kuanzia 2005 maelfu yao walienda kulinda malango ya kambi za Marekani Iraq. Wa kwanza walilipwa karibu dola 1,000 kwa mwezi, na stori ikaenea Kampala kama moto. Kila mtu akataka kwenda. Kampuni za ulinzi zilipoona foleni, zikaanza kushindana kwa bei ya chini, na miaka michache baadaye mlinzi mpya alikuwa akilipwa chini ya dola 600 kwa lango lile lile. Hatari haikupungua. Kilichopungua ni thamani ya mtu, kwa sababu walikuwa wengi nyuma yake wakingoja.

Sasa irudie ile hesabu ya mfuko wa nguo. Pesa zinatoka kwa jeshi zikiwa nyingi. Zinapita kwa mkandarasi mkuu, anachukua chake. Mkandarasi mkuu anampa kazi mkandarasi mdogo, labda wa Kuwait au Dubai, naye anachukua chake. Huyo anatafuta ajenti wa kumletea watu, ajenti huyo ana mwenzake Nairobi, na mwenzake ana "kijana wake" mtaani kwenu. Wewe uko mwisho wa huu mlolongo, na pengine umeombwa shilingi laki moja unusu ili uingie. Ukikopa hiyo pesa, miezi yako ya kwanza kambini unamfanyia kazi aliyekukopesha. Ukifika ukakuta mshahara ni nusu ya ulioahidiwa, utarudi vipi na deni liko nyumbani?

Waliouliza swali hilo kabla yako ni Wanepali 12, mwaka 2004. Waliambiwa wanaenda kufanya kazi kwenye hoteli ya kifahari Amman, Jordan. Familia zao zilikopa kulipia ajenti. Walipofika Jordan pasipoti zikachukuliwa, wakapakiwa kwenye magari kuelekea kambi ya Marekani ya Al Asad, Iraq. Waasi waliwateka barabarani mwezi Agosti na kuwaua wote. Mwandishi wa Chicago Tribune, Cam Simpson, alifuata nyayo zao kutoka vijijini hadi jangwani, akaonyesha ajenti kwa ajenti jinsi walivyouzwa. Miaka saba baadaye, 2011, Sarah Stillman wa jarida la New Yorker aliandika kuhusu wanawake wa Fiji walioambiwa wanaenda kuwa warembeshaji Dubai, wakajikuta kambini Iraq. Mbinu ni ile ile: kazi inatajwa vizuri, nchi inatajwa vibaya.

Kelele hizo zilizaa kitu. Septemba 2012 Rais Barack Obama alitia saini agizo linalowakataza wakandarasi wa serikali ya Marekani, pamoja na wadogo walio chini yao, kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, kumnyang'anya pasipoti, au kumdanganya kuhusu kazi, mshahara na mahali. Ukiletwa kutoka nchi nyingine, wana jukumu la kukurudisha kwenu kazi ikiisha. Soma tena hapo kwa ada. Kama kweli kazi ni ya kambi ya Marekani na mtu anakuomba ada ya kukuajiri, basi ama ni tapeli au anavunja masharti ya kandarasi yenyewe. Sioni mlango wa tatu.

Kuna sheria nyingine ambayo wengi walioko kule hawajawahi kuisikia, na hiyo inaniuma. Inaitwa Defense Base Act, ni ya 1941. Inamlazimu mkandarasi kwenye kambi ya Marekani ng'ambo, mkubwa kwa mdogo, awe na bima ya kumfidia kila mfanyakazi anayeumia au kufa kazini, awe raia wa nchi gani. Mpishi aliyeungua mafuta ya kukaanga yumo. Mlinzi aliyepoteza mguu yumo. Ukishindwa kabisa kufanya kazi, unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki, na matibabu juu. Ukifa, mwenzi wako akiwa peke yake hupata nusu ya mshahara huo, na kukiwa na watoto inapanda hadi theluthi mbili. Mwajiri anafaa kujulishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 baada ya ajali, na dai rasmi liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja. Familia za wale Wanepali zilipata fidia kwa njia hii, baada ya mawakili kuingilia kati.

Ina tobo lake. Kwa mtu asiye raia wala mkaazi wa Marekani, sheria inaruhusu malipo yaliyosalia yafungwe kwa mkupuo mmoja, tena kwa nusu ya thamani yake. Mguu wa Mkenya, ukipenda, una punguzo. Lakini nusu ya kitu ni afadhali kuliko kutumiwa tiketi ya kurudi nyumbani na mkongojo.

Nakuomba uangalie jambo moja: haya yote ni ya kambi za Marekani. Kambi ya Uingereza ina utaratibu wake, kama wanaofanya kazi na BATUK kule Nanyuki wanavyojua. Halane pale Mogadishu, ambako Wakenya wengi wamefanya kazi za hoteli na huduma, kuna Umoja wa Mataifa, balozi na kampuni binafsi zimechanganyika, na kila moja ina karatasi yake. Ndiyo maana swali la kumuuliza ajenti kabla ya mshahara ni: kambi ni ya nani, na jina la kampuni litakaloandikwa kwenye mkataba ni lipi?

Akijibu "utaambiwa ukifika," ondoka. Si lazima umtukane, ondoka tu. Novemba 2025 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema zaidi ya Wakenya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi kwenye vita vya Ukraine. Baadhi yao, kwa stori zilizochapishwa hapa nyumbani, waliahidiwa kazi za kawaida za kiraia, wakashtukia wako kwenye mafunzo ya bunduki na mkataba wa lugha wasiyoisoma. Hao nao walikuwa wameambiwa nafasi zinaisha.

Upande wa Kenya una silaha pia, na ni za bure. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka mtandaoni orodha ya ajenti waliosajiliwa; kuangalia jina ni kazi ya dakika tano. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uidhinishwe na afisa wa leba kabla hujasafiri, baada ya kuhakikisha umeuelewa na haukulazimishwa. Ajenti anayekuambia hatua hiyo ni ya kupoteza muda anakupa habari muhimu sana kujihusu.

Ukiusoma huo mkataba, usiishie kwenye mshahara. Tafuta saa za kazi, makato, jina la bima, na nani analipa tiketi ya kurudi. Tafuta pia kinachotokea kambi ikifungwa, maana hufungwa. Julai 2021 Wamarekani waliondoka Bagram, kambi yao kubwa kuliko zote Afghanistan, usiku, baada ya karibu miaka 20. Walizima stima wakaenda. Kamanda mpya wa Afghanistan aligundua saa mbili baadaye, na waporaji wakawa washaingia. Walioachwa nyuma ni maelfu ya chupa za maji na vyakula vya pakiti. Madobi, wapishi na mafundi walikuwa washarudishwa makwao au wanatafuta kambi nyingine, na kazi iliyoonekana ya kudumu ikawa imeisha kwa swichi moja.

Wapo waliorudi wakajenga, wakafungua mkahawa, wakalipia wadogo zao karo. Siwezi kukuambia usiende, nikijua nyumba unayolipia kodi na kazi unayoitafuta tangu ulipohitimu. Kama umeamua, pitia hospitali upimwe mapafu na masikio kabla ya safari na uweke hiyo ripoti, kwa sababu siku ya kudai utaulizwa ulikuwa na hali gani ulipoondoka. Ukiwa kule, piga picha ya beji yako pande zote mbili kama inaruhusiwa, au nakili namba kwa mkono. Weka kila hati ya malipo ya mshahara.

Halafu toa nakala za kila kitu: mkataba, pasipoti, jina kamili la kampuni na la mkandarasi aliye juu yake, namba ya bima, na simu ya mwenzako mmoja mnayelala naye. Weka kwenye bahasha, umwachie mama, au dada yako ambaye hapotezi vitu. Mwambie ule mwaka mmoja unaanza kuhesabiwa lini. Mwonyeshe ni karatasi gani inaenda kwa wakili na gani inaenda kwa afisa wa leba, na umwambie asimkabidhi ajenti hata moja kati ya hizo, hata akija na soda na pole.